Kidole Gumba cha Mwenda: Mpiga Gitaa wa Katanga na Barabara ya Tunduma

Muhula uliopita, Ijumaa moja usiku, umeme ulikatika hosteli na sisi tukahamia koridoni kupunga upepo. Dada mmoja wa chumba cha jirani akawasha spika yake ndogo, akatupigia wimbo wa mzee wa Kimarekani aitwaye Mississippi John Hurt. Gitaa moja, mwimbaji mmoja, basi. "Sikilizeni," akasema, "hii ndiyo bluzi yenyewe. Mtu mmoja anapiga kama wawili." Mimi nikaropoka: "Mbona babu yangu kule Tunduma anapiga hivyo hivyo?"

Walicheka mpaka basi. Mmoja akauliza babu yako alikwenda Mississippi lini, mwingine akanijibia kwamba labda alipitia Nakonde. Nilicheka nao, lakini swali lile sikulala nalo vizuri. Nasoma ualimu, na mwalimu hatakiwi kusema kitu ambacho hawezi kukieleza. Haya basi ni maelezo yangu, yamechelewa tu kidogo. Babu hakwenda Mississippi. Alifika Ndola, Zambia, na kilichomkuta pale kilikuwa kimetoka Katanga, kwenye vidole vya mtu aliyeitwa Mwenda Jean Bosco.

Mtoto wa Bunkeya

Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, wakati huo ikiwa koloni la Ubelgiji. Wengine humwita Mwenda wa Bayeke, na jina hilo linatuhusu sisi Watanzania kuliko tunavyodhani. Bayeke ni watu ambao asili yao ni huku kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi na Wasumbwa ilikuwa inakwenda Katanga kutafuta shaba na pembe za ndovu. Mfanyabiashara mmoja kati yao, Msiri, hakurudi. Alijenga dola yake huko, na Bunkeya ikawa mji wake mkuu. Alitawala mpaka Desemba 1891, alipopigwa risasi na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliokwenda kuitwaa nchi hiyo kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. "Mwenda" ni jina la utawala la Msiri, na warithi wa kiti chake wameendelea kuitwa hivyo.

Kwa hiyo ukimsikia Bosco anaimba Kiswahili, usishangae amekitoa wapi. Kiswahili kilifika Katanga na misafara, baadaye kikawa lugha ya migodini, ambako watu wa makabila mengi walilazimika kuelewana. Kiswahili chake ni cha Katanga, yaani maneno mengine yatakupita, lakini utajikuta unaitikia. Hata jina la mkoa wenyewe, enzi za Mobutu, lilikuwa neno letu: Shaba.

Bosco aliishi ujana wake Jadotville, mji wa migodi ambao leo unaitwa Likasi. Hapo ndipo Hugh Tracey alipomkuta mwaka 1952. Tracey alikuwa Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, na alizunguka sehemu kubwa ya Afrika akiwa na mitambo ya kurekodi. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amepita Tanganyika pia. Alimrekodi Bosco, na wimbo mmoja wa siku zile, "Masanga", ukatoka kwenye santuri na kusambaa mbali sana. Bosco alikuwa na miaka 22 hivi, umri wangu mimi ninayeandika hapa. Kila nikilifikiria hilo najiona nimechelewa.

Vidole viwili tu

Sasa hebu tuingie kwenye kazi yenyewe, maana ndiyo iliyozua ubishi koridoni.

Gitaa lina nyuzi sita. Tatu ni nene na zinatoa sauti ya chini, tatu ni nyembamba na zinatoa sauti ya juu. Mpigaji wa kawaida wa kwaya zetu hukwangua nyuzi zote kwa pamoja, vwaa, vwaa, huku anaimba. Bosco hakupiga hivyo. Katika mkono wa kulia alitumia vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba linashughulika na nyuzi nene, kwa mwendo usiobadilika, kama mtu anayetembea na safari bado ni ndefu. Kidole cha shahada kinachukua nyuzi nyembamba na kupiga wimbo juu ya mwendo huo. Mara kinatangulia, mara kinachelewa, mara kinaingia katikati ya hatua mbili za gumba.

Ugumu uko hapo. Gumba halitakiwi kusikiliza kidole cha shahada linafanya nini. Ukianza kujifunza, kidole kikichelewa na gumba linachelewa, kikikimbia nalo linakimbia, na kinachotoka ni kelele. Ukiweza kuvitenganisha, msikilizaji anasikia watu wawili. Kwa Bosco wengine husikia hata watatu, kwa sababu anaimba pia, na sauti yake haifuati kidole wala gumba.

Mkono wa kushoto nao hauruki ruka. Unakaa karibu na kichwa cha gitaa, kwenye mishiko michache, na nyuzi nyingine zinaachwa wazi zilie zenyewe. Ndiyo maana gitaa lake linasikika limejaa, ingawa hakuna kitu kingine nyuma yake.

Na hakupiga beti ya pili sawa na ya kwanza. Msomi mmoja, David Rycroft, alikaa na santuri za Bosco akaziandika noti kwa noti, na kazi yake ikachapishwa katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukitazama maandishi yale unaona kila mzunguko una badiliko dogo: noti moja imeongezwa, nyingine imechelewa nusu hatua. Mtu anayesema muziki huu unajirudia tu hajausikiliza mpaka mwisho.

Mbinu hii ilitoka wapi? Gitaa lenyewe lilikuja na meli, hilo halina ubishi. Lakini mikono iliyolipokea haikuwa mitupu. Kongo kuna likembe na Wagogo wetu wana ilimba, ala za vijiti vya chuma ambazo zinapigwa kwa vidole gumba, kimoja kikijibizana na kingine. Mtu aliyekulia kwenye ala ya namna hiyo, ukimpa gitaa, gumba lake tayari linajua kazi.

Na bluzi je? Wapigaji wa bluzi wa mashambani kule Marekani ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, wengi wao Afrika Magharibi na Kongo. Kwa hiyo kufanana kwa gumba la John Hurt na la Bosco si miujiza. Lakini tusiseme pia kwamba hawa wa kwetu hawakuwahi kusikia kitu cha Marekani. Santuri za Jimmie Rodgers, Mmarekani mweupe aliyeimba nyimbo za bluzi na za wachunga ng'ombe, zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Tracey aliwarekodi wakimwimba kwa jina walilolitamka kwa namna yao, Chemirocha. Muziki ulikuwa unakwenda na kurudi.

Nikaja kugundua jambo moja ambalo ningelijua usiku ule ningewanyamazisha wote. John Hurt alirekodi mwaka 1928, akasahaulika, akatafutwa na kupatikana kijijini kwake mwaka 1963, na mwaka huo huo akapanda jukwaani kwenye tamasha la Newport Folk Festival, Marekani. Miaka sita baadaye, mwaka 1969, tamasha hilo hilo lilimwalika Mwenda Jean Bosco. Kwa hiyo swali la koridoni lilikuwa limegeuzwa. Babu hakwenda kwa Wamarekani. Aliyewafikia Wamarekani ni Mwenda, mtu wa Bayeke, na Kiswahili chake mdomoni.

Galatoni

Babu haiti gitaa lake gitaa. Analiita galatoni. Nilikua nikidhani ni neno la Kinyamwanga. Kumbe wazee wengi wa muziki hapa nchini huliita gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, kwa jina hilo hilo, na asili yake ni nembo ya Gallotone ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Gallo ndiyo waliotoa santuri za Bosco. Hao hao waliuza pia magitaa ya bei nafuu, yakasambaa kusini mwa Afrika mpaka jina la nembo likawa jina la kitu, kama sisi tunavyosema Kiwi tukimaanisha dawa ya viatu. Moja la magitaa hayo lilivuka bahari mpaka Liverpool, Uingereza, na likawa gitaa la kwanza la John Lennon, yule wa Beatles. Lilikuwa Gallotone Champion.

Yaani gitaa la mfanyakazi wa mgodini. Mbao zake hazikuwa za kifahari, na watu walilitunza kwa akili zao. Waya ukikatika na duka liko mbali, wanafumua waya wa breki ya baiskeli na kuchukua uzi mmoja. Wakitaka kupandisha sauti ili ilingane na ya mwimbaji, hawana ile klipu ya kubana nyuzi inayouzwa madukani. Babu mpaka leo anatumia kipande cha penseli, anakilaza juu ya nyuzi na kukifunga kwa mpira aliokata kwenye tyubu. Nilimpelekea klipu ya kisasa kwa pesa ya bumu. Akaitazama, akanishukuru, akaiweka kwenye kopo la misumari.

Njia iliyopita kwetu

Inakuwaje sasa vidole vya Likasi vifike Tunduma?

Kwanza kwa miguu ya watu. Tangu enzi za ukoloni vijana wa Nyanda za Juu Kusini walikwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Copperbelt, ng'ambo ya mpaka wetu, na Copperbelt imepakana na Katanga. Waliorudi walirudi na baiskeli, gramafoni, santuri, na wachache na magitaa.

Pili kwa redio. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikwenda Nairobi, kama alivyofanya ndugu yake wa muziki Edouard Masengo, na kazi mojawapo iliyowapeleka huko ilikuwa kutangaza dawa ya maumivu ya Aspro. Bosco akasikika redioni, na vijana wa Kenya waliokuwa wanajifunza gitaa wakatega masikio. Muziki wa gitaa kavu wa magharibi mwa Kenya, ule wa kina George Mukabi wenye chupa ya Fanta inayokwaruzwa kutoa mdundo, una mkono wa Wakatanga ndani yake.

Tatu kwa malori, na hapa ndipo anapoingia babu. Mwaka 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru wake, na njia ya kusini ambayo Zambia iliitegemea ikawa na matatizo makubwa. Mafuta na bidhaa zikaanza kupita Dar es Salaam, Iringa, Mbeya, Tunduma, kwa barabara ya vumbi na matope ambayo Waingereza waliipa jina la njia ya Jehanamu. Lami na reli ya TAZARA vilikuja baadaye. Babu alikuwa utingo katika malori hayo. Safari moja gari lao liliharibika, wakakaa Ndola wiki kadhaa wakisubiri kipuri. Jirani na gereji kulikuwa na fundi viatu Mkongomani aliyewahi kufanya kazi Likasi. Jioni alikuwa anapiga "Masanga". Babu alikaa pembeni yake kila siku, akirudi garini anajaribu kwenye ubao wenye nyuzi za kuchora. Hivyo ndivyo anavyosimulia. Gitaa lenyewe alinunua mwaka uliofuata.

Leo foleni ya malori pale Tunduma inaanza mbali kabisa, upande wa Mpemba, mengi yakiwa yanakwenda Kongo. Sisi tuliozaliwa pale tunaona vumbi, mama lishe na wabadilisha fedha. Sikuwahi kufikiri kwamba njia hiyo ilibeba kitu kingine zaidi ya shaba na mafuta.

Umeme ulipoingia

Gitaa kavu halikushindwa kwa ubaya wake. Lilizidiwa sauti. Miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa ya bendi na vipaza sauti. Kazi ambayo Bosco aliifanya kwa mkono mmoja ikagawanywa kwa watu: mmoja solo, mmoja rithimu, mmoja besi. Gumba likawa mtu wa besi. Ukisikiliza vizuri nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyewapeleka Morogoro Jazz mpaka maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, utasikia magitaa yakisemezana namna ile ile, ila sasa kila moja lina mwenyewe. Ndala Kasheba naye alikuja nchini kutoka Kongo, akatufundisha kupenda gitaa la nyuzi 12.

Bosco aliendelea kupiga, huku akifanya shughuli nyingine Lubumbashi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kijana wa Kiingereza, John Low, alifunga safari kwenda Shaba kujifunza kwake, kwa Masengo na kwa Losta Abelo, akaandika kitabu kuhusu safari ile. Mwaka 1988 Bosco alirekodi tena, Cape Town. Mwaka 1990 alifariki kwa ajali ya gari. Mbaraka alikuwa amekufa kwa ajali ya gari pia, Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34.

Mkono wake, mkono wangu

Sasa niseme kwa nini nimeandika haya, maana si kwa ajili ya kushinda ubishi wa koridoni.

Likizo yangu ya mwaka wa kwanza nilimrekodi babu kwa simu. Nyimbo 11, mbili zikiwa za Bosco, nyingine za kwake mwenyewe, za barabarani. Sikuzihamishia popote. Nilikuwa najiambia bando likipatikana nitazipandisha. Nikiwa narudi chuo simu ikaibiwa stendi. Nikasema si kitu, nitamrekodi tena. Miezi mitano baadaye babu akapata kiharusi, na mkono wa kushoto haujarudi.

Kwa hiyo hakuna tena mahali popote duniani ambapo unaweza kusikia babu yangu akipiga kwa mikono miwili. Bosco yupo, kwa sababu mwaka 1952 mtu alisimamisha gari, akatoa mashine, akaandika jina, mahali na mwaka. Mkusanyiko wa Tracey umetunzwa mpaka leo katika maktaba ya muziki ya ILAM, kule Makhanda, Afrika Kusini. Mimi nilikuwa na mashine bora kuliko ya kwake mfukoni, nikaitumia kwa wiki moja.

Mwaka huu nilipangiwa TP Tunduma. Mchana nafundisha, jioni nakwenda kwa babu. Siku ya tatu akaniambia: "Mke wangu, lete kigoda, kaa huku kushoto." Akalaza gitaa mapajani mwake. Mimi nikashika shingo kwa mkono wangu wa kushoto, yeye akapiga kwa mkono wake wa kulia. Penseli na mpira wa tyubu nilivifunga mimi.

Darasani tunafundishwa kuandaa lengo mahususi, zana, hatua za somo na tathmini. Babu hana hata kimoja. Nikikosea mshiko anaendelea na gumba, polepole, anazunguka pale pale, mara kumi, mara 20, mpaka mkono wangu uingie. Hasimamishi gumba. Haniambii nimekosea, kwa sababu nasikia mwenyewe. Nimeiba mbinu hiyo kwa ajili ya kidato cha pili. Mwanafunzi akikwama kwenye kusoma kwa sauti, simkatizi. Nasoma naye chini chini mpaka arudi njiani.

Mpaka TP inaisha tulikuwa tumemaliza nyimbo nne. Nimezirekodi, na safari hii zipo sehemu tatu: kwenye simu, kwenye barua pepe, na kwenye kompyuta ya rafiki yangu. Kila moja ina jina la wimbo, jina la mpigaji, mahali na tarehe. Mkono wa kulia ni wa babu, wa kushoto ni wangu, nimeandika na hilo.

Mwanachuo mwenzangu, wengi wetu tunarudi nyumbani Desemba. Kama una bibi anayejua nyimbo za kutwanga, babu anayepiga zeze, au jirani mwenye galatoni lenye nyuzi nne, simu unayo. Mrekodi akiwa mzima, muulize alijifunza kwa nani na wapi, andika, halafu hamisha siku hiyo hiyo. Usisubiri bando la mwezi ujao.

Zimebaki nyimbo saba. Nikifika likizo, kabla ya chai ya Krismasi, tunaanza na ya tano.